Brashi ya Kunyolea Ndevu: Itengeneze Mwenyewe

(Haya ni mazungumzo yaliyotolewa na mmoja wa wanafunzi wa zamani, bwana mifugo mstaafu, mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa waliokusanyika katika ukumbi wa shule.)



 Mwenyekiti wa Chama chetu aliponiandikia barua alinitaka nichague jambo ambalo mzee mwenye mkongojo na kijana wa kidato cha tatu wanaweza kulisikiliza pamoja bila mmoja wao kusinzia. Nikafikiri sana. Mpira ungetugawa. Siasa ingetuchosha. Mwishowe nikaona kwamba lipo jambo moja linalotuunganisha sote humu ukumbini, nalo ni ndevu. (Kicheko.) Wengine zetu zimekwisha kuwa nyeupe, na wengine zenu ndiyo kwanza zinachungulia, lakini kila mmoja wetu ana habari nazo.

Basi leo nitazungumza juu ya brashi ya kunyolea ndevu, na jinsi ya kuitengeneza nyumbani kwa vyombo vichache. Tangu nilipostaafu kazi ya mifugo nimekuwa nikizitengeneza barazani kwangu, na nimegundua kuwa kifaa hiki kidogo kinadai maarifa ya namna nyingi: useremala, elimu ya viumbe, afya, na subira. Tena kina hatari moja ndani yake ambayo iliwahi kuua watu, na kwa vile mimi ni bwana mifugo, hatari hiyo ndiyo iliyonifanya nikubali kuja kusema.

BRASHI NI YA NINI?

Unywele wa ndevu ukiwa mkavu ni mgumu. Ukilowa maji ya vuguvugu kwa dakika 2 au 3 hulainika, na wembe hupita bila kuvuta. Brashi hufanya kazi tatu. Kwanza, hubeba maji na kuyafikisha penye mashina ya ndevu. Pili, hukoroga sabuni mpaka iwe povu zito lisilokauka upesi. Tatu, huziinua nywele zilizolala juu ya ngozi. Unaweza kupaka povu kwa kiganja, lakini kiganja hakifanyi hayo yote.

Sisi wenye nywele za kujikunja tuna sababu ya ziada ya kulijua jambo hili. Vijana wengi huota vipele kidevuni na shingoni baada ya kunyoa, wakadhani ni uchafu au ni wembe mbaya. Mara nyingi sivyo. Unywele uliojikunja ukikatwa chini sana hubaki na ncha kali, nao unapoota tena hujipinda na kuichoma ngozi, au hukua ndani yake. Ngozi huvimba kama iliyochomwa na mwiba. Brashi haiponyi vipele hivyo, asiwadanganye mtu. Lakini povu zuri na maji ya vuguvugu huufanya wembe usihitaji kukandamizwa. Nyoa kufuata upande ndevu zinakoelekea, usivute ngozi, usirudie rudie mahali pamoja, wala usiisugue brashi kama unayesugua sufuria. Na kama vipele havikomi, dawa iliyo bora ni kuziacha ndevu zikue kidogo. Hapo Mwalimu Mkuu atanisamehe, na kijana mwenye shida hiyo atakwenda kwa daktari kuomba barua. (Kicheko.)

NYWELE ZATOKA WAPI?

Huko Ulaya brashi za fahari hutengenezwa kwa nywele za mnyama aitwaye kwa Kifaransa *blaireau*. Wafaransa wamezoea hivyo mpaka jina la mnyama huyo limekuwa ndilo jina la brashi yenyewe. Mnyama huyo hayupo kwetu. Jamaa yake wa mbali ni nyegere, yule mla asali. Lakini naomba mtu asije akatoka hapa na mtego akielekea porini! Nyegere ni mnyamapori, na hapa Tanzania Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 haimruhusu mtu kujichukulia tu mnyamapori wala sehemu ya mwili wake bila kibali. Vivyo hivyo pundamilia, hata kama mkia wake unakutamanisha.

Brashi nyingine nyingi duniani ni za singa za nguruwe. Ni imara, na ncha zake hupasuka kadiri zinavyotumika, zikawa laini. Lakini humu ukumbini wamo Waislamu, nao hawawezi kujipaka singa hizo usoni. Kwa hiyo mtu akitengeneza brashi ya kumpa mwenzake, lazima aseme kweli imetengenezwa kwa nywele gani. Kumficha mtu jambo kama hilo si utani, ni kumkosea heshima.

Mimi natumia nywele za aina mbili tu. Za kwanza ni ndevu za beberu. Nasema beberu mwenye pembe na kwato, si yule tuliyekuwa tukimpinga kwenye mikutano ya hadhara. (Kicheko.) Ndevu zake ni ndefu, na ncha zake ni laini. Za pili ni singa za mkia wa ng'ombe, hasa ng'ombe ambaye bado kijana, kwa kuwa zake ni nyembamba. Ndevu za beberu peke yake hufanya brashi iliyolegea. Singa za ng'ombe peke yake hufanya brashi inayochoma. Ukiweka singa katikati na ndevu za beberu kuzizunguka, utapata brashi iliyosimama lakini haimuudhi mtu. Asiyetaka nywele za mnyama kabisa anaweza kuchukua brashi laini ya rangi yenye nyuzi za nailoni, ambayo haijawahi kutumika, akazitoa nyuzi zake. Nailoni yenyewe, ilipotangazwa Marekani mwaka 1938, kazi yake ya kwanza sokoni ilikuwa kutengenezewa miswaki.

HATARI YA KIMETA

Sasa ndugu zangu naomba mnisikilize vizuri zaidi, maana hapa ndipo penye mfupa wa mazungumzo yangu.

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, kati ya mwaka 1914 na 1918, askari wengi walitakiwa kunyoa ndevu, kwa sababu barakoa ya kujikinga na gesi ya sumu haishiki vizuri kwenye uso wenye ndevu. Zikahitajika brashi kwa mamilioni. Kabla ya vita, biashara ya nywele za brashi ilipitia sana Ulaya bara, na huko zilisafishwa kabla ya kuuzwa. Vita ikazifunga njia hizo. Wenye viwanda wakanunua nywele za farasi kutoka Asia, wakazifanya zifanane na zile za fahari, na nyingine hazikusafishwa ipasavyo. Ndipo askari na raia katika Uingereza na Marekani wakaanza kuota vidonda vyeusi shingoni na mashavuni. Ilikuwa kimeta. Wagonjwa walioandikwa wakati huo na miaka michache iliyofuata wanapita 200, na baadhi yao walikufa. Mwaka 1920 Uingereza ilipiga marufuku kuingiza brashi za kunyolea kutoka Japani.

Fikirini jambo hilo. Mtu alinusurika risasi na gesi, akauawa na brashi mpya aliyoinunua dukani. Mpini wake uling'aa, bei yake ilikuwa halali, na hakuna macho ambayo yangeweza kuiona hatari iliyokuwamo.

Kimeta hakikuishia huko ng'ambo. Bado kipo katika mikoa yetu ya kaskazini, na wafugaji na wanyamapori wa upande wa Ngorongoro wanakijua vizuri. Mnyama hufa ghafla, damu nyeusi isiyoganda humtoka puani na penginepo. Vijidudu vyake hujifungia katika ganda gumu, vikawa kama mbegu, na mbegu hizo huweza kukaa udongoni miaka mingi zikingoja. Hukaa pia kwenye ngozi na kwenye nywele. Mtu akiwa na mkwaruzo, nazo zikaingia, huota kipele, kikawa lengelenge, kisha kidonda chenye kigaga cheusi katikati. Ajabu yake ni kwamba kidonda hicho mara nyingi hakiumi, na kwa hiyo watu hukidharau. Katika kazi yangu niliwaona wenye vidonda hivyo, na neno walilopenda kuniambia ni lile lile: "Lakini hakiniumi." Kikitibiwa mapema kwa dawa za hospitali hupona. Kisipotibiwa, katika watu 5 huenda mmoja akafa.

Sasa tazameni: kunyoa ni kuikwaruza ngozi kila siku, na brashi ni nywele za mnyama tunazozisugua juu ya mikwaruzo hiyo. Basi shikeni sheria hizi.

Sheria ya kwanza: usichukue nywele, mkia wala ngozi ya mnyama uliyemkuta amekufa, hata kama anaonekana mzuri. Usimguse, usimpasue, mwite bwana mifugo.

Sheria ya pili: chukua nywele kwa mnyama unayemjua. Aliye bora ni yule aliye hai, mzima, katika zizi lililochanjwa. Mkate ndevu kwa mkasi, mwache aende zake. Atachukia siku moja, kisha atazichipusha tena. Kama ni wa machinjioni, awe amekaguliwa na mkaguzi wa nyama.

Sheria ya tatu: chemsha. Kutia nywele katika maji ya moto dakika chache hakutoshi, maana mbegu za kimeta ni sugu. Zifunge nywele katika vifungu vidogo kwenye kijiti bapa, zitie katika mfuko wa kitambaa, uzichemshe kwa saa 3 bila maji kuacha kutokota. Mwenye sufuria ya presha aziweke juu ya kichanja ndani yake kwa nusu saa kamili baada ya mvuke kushika nguvu. Chombo hicho kisirudi tena jikoni kupikia. Kuchemsha hivyo kuna faida nyingine: nywele zilizofungwa kwenye kijiti hunyooka.

Lakini nawaomba msiigeuze sheria ya tatu kuwa kisingizio cha kuivunja ya kwanza na ya pili. Kumjua mnyama ni ukuta; kuchemsha ni komeo la mlango. Hakuna aliyebomoa ukuta kwa kuwa ana komeo.

KUTENGENEZA KISHUNGI

Baada ya kuchemsha, osha nywele kwa sabuni, suuza mara kadhaa, na maji ya mwisho yatie siki kidogo. Zianike kivulini mpaka zikauke kabisa.

Kisha zipange. Nywele zote lazima zielekee upande mmoja: shina kwenye shina, ncha kwenye ncha. Ukichanganyikiwa, na kwa singa za ng'ombe utachanganyikiwa, ipo njia rahisi ambayo vijana wa elimu ya viumbe wataipenda. Ushike unywele mmoja kwa urefu wake kati ya kidole gumba na cha shahada, uusugue mbele na nyuma. Utauona unatembea wenyewe kuelekea upande mmoja. Unakoelekea ndiko kwenye shina. Sababu yake ni kwamba unywele una magamba madogo mno yaliyolala kuelekea nchani, kama vigae vya paa, kwa hiyo huteleza upande mmoja na kugoma upande wa pili.

Zishike kwa ncha, uzichane kwa kitana kuelekea shinani. Fupi zote na manyoya ya sufi yatatoka. Usiyahurumie. Huenda nusu ya ulichokusanya ikaondoka, ndiyo maana nasema kusanya kwa wingi. Zibaki zenye urefu wa milimita 70 au zaidi.

Sasa tunafika kwenye siri ya kazi yote. Brashi nzuri ina kichwa cha mviringo, na mtu asiyejua hudhani kimekatwa kwa mkasi kama majani ya bustani. La hasha! Ncha ya asili ya unywele ni nyembamba na laini. Ukiikata inabaki butu na kali, nayo itakuchoma usoni kila asubuhi. Nywele za brashi hukatwa shinani, hazikatwi nchani.

Umbo la mviringo hupatikana hivi. Chukua kipande cha ubao, toboa tundu la upana wa milimita 22 na kina cha milimita 25, kisha chimba chini yake pawe kama ndani ya ganda la yai. Tia nywele humo, ncha zikiwa chini, singa za ng'ombe katikati na ndevu za beberu pembeni. Gonga gonga ubao juu ya meza. Nywele zitateremka moja moja mpaka kila ncha iguse chini, na za katikati zitashuka zaidi ya za pembeni. Hilo ndilo umbo lako, limepatikana bila mkasi.

Funga uzi imara milimita 54 kutoka nchani, uzungushe mara nyingi ukiuvuta kwa nguvu, mpaka kifungu kiwe na upana wa milimita 20 hivi. Funga tena kwenye milimita 60. Ndipo mkasi upate kazi: kata mashina sawasawa kwenye milimita 64. Zungushia karatasi upande wa juu ili nywele zisitawanyike.

Gundi iwe ile ya mirija miwili inayochanganywa, isiyoogopa maji. Gundi ya maji ya seremala haifai. Paka mafuta ya mgando ndani ya kizibo cha soda, mimina gundi, usimamishe kishungi humo, mashina yakiwa chini. Gundi itapanda yenyewe kati ya nywele. Ikiwa nyepesi mno itapanda mpaka juu na kuigeuza brashi kuwa kijiti. Kwa hiyo ingoje ianze kuwa nzito kidogo. Acha saa 24. Kisha bandua kizibo, na usawazishe kingo kwa tupa mpaka kishungi kiingie katika tundu la mpini.

KUTENGENEZA MPINI

Mti wa mpini uwe mkavu na mgumu. Mpera ni mzuri sana, na kila mwenye bustani anao. Mninga ni rahisi kuchonga. Mpingo ni mfalme, mzito kiasi cha kuzama majini, nao ndio unaotengenezewa zumari za Wazungu na vinyago vya Wamakonde. Mabaki ya vinyago yanatosha kabisa. Lakini vumbi la mpingo huwakera watu wengine kifuani na kwenye ngozi, basi jifunge kitambaa puani.

Kata kipande cha milimita 40 kwa 40, urefu 55. Toboa tundu kwanza, kabla ya kuchonga chochote, maana kipande chenye pembe nne hushikika vizuri kwenye jiliwa, na cha mviringo hutoroka. Piga mistari miwili kutoka pembe hadi pembe. Inapokutana ndipo katikati. Tumia keekee yenye ncha ya milimita 22, na kina kiwe milimita 14. Funga uzi kwenye ncha ya keekee kama alama, ili usipitilize. Asiye na jiliwa apigilie mbao mbili mezani, aweke kipande katikati na akikaze kwa kabari.

Kisha ondoa pembe nne kwa msumeno au patasi upate pembe nane, ziondoe hizo upate kumi na sita, na zilizobaki zimalizie kwa tupa. Katikati fanya kiuno cha kushikia. Chini acha pana na bapa ili brashi isimame. Juu, kuta za tundu zisipungue milimita 5. Sugua kwa msasa mnene, kisha wa kati, kisha laini.

Paka mafuta ya kitani au vanishi, mara 3 au 4, kila mara nyembamba na iachwe ikauke. Usisahau ndani ya tundu na chini ya mpini, kwa kuwa maji hupenya penye uficho na mti ukapasuka. Na jambo la hatari: kitambaa kilicholowa mafuta ya kitani usikikunje na kukitupa pembeni. Huweza kujipasha joto chenyewe mpaka kikashika moto. Kitandaze nje kikauke.

Mwisho, tia gundi ndani ya tundu, ingiza kishungi, hakikisha kimesimama wima, uache siku nzima. Nyuzi zote na mashina yote yatakuwa yamezama ndani, hayaonekani tena.

Siku za kwanza brashi itanuka kidogo habari za beberu. Ikoroge na sabuni, uiache na povu lake usiku mmoja, urudie mara mbili tatu, harufu itakwisha. Nywele chache zitatoka, hilo si neno. Zikitoka kila siku nyingi nyingi, ujue gundi haikufika katikati ya mashina.

Kuitunza ni rahisi: suuza, kung'uta, isimamishe penye hewa. Usiifungie kwenye kopo ikiwa mbichi. Na wadogo zangu mlioko bwenini, wembe na brashi haviazimwi. Virusi vya homa ya ini na vya ukimwi hupitia damu, na tone lisiloonekana linatosha. Usiogope kumnyima rafiki yako brashi. Mtengenezee ya kwake.

NENO LA MWISHO

Ndugu Mwenyekiti, mtu anaweza kuniuliza: kwa nini tujisumbue hivi, na brashi zinauzwa mjini? Ni kweli zinauzwa, na mimi simkatazi mtu kununua. Lakini wale askari wa mwaka 1915 nao walinunua. Hawakujua nywele zimetoka wapi, hawakujua kama zilichemshwa, wala hawakuwa na swali la kumuuliza muuzaji. Mtu aliyewahi kutengeneza kifaa kwa mikono yake, hata mara moja tu, hubaki na maswali ya kuuliza maisha yake yote. Akishika brashi ya dukani atatazama ncha kama zimekatwa, atavuta nywele kuona kama gundi imeshika, atauliza ni nywele za nini. Wengine watamsifia mpini unaong'aa. Yeye atauliza habari za shina.

Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea, wengi wetu tulidhani ni habari ya kulima shamba la shule na kuchoka. (Kicheko.) Nimezeeka nikaona kuwa ni habari ya kujua vitu vimetoka wapi na vimefanywaje, ili mtu asiwe mgeni katikati ya vyombo vyake mwenyewe.

Karakana yetu ile nyuma ya maktaba bado imesimama, na meza zake ni zile zile tulizozichora majina. Nimeitembelea asubuhi. Meza zipo, paa halivuji, na mwalimu anayeisimamia ana moyo. Vyombo ndivyo vimepungua. Brashi niliyowaeleza inahitaji msumeno, keekee, patasi, tupa, jiliwa, mkasi na msasa. Hakuna mwanafunzi wa zamani humu anayeshindwa kuleta kimoja katika hivyo. Mimi nimekwisha kumkabidhi mwalimu keekee moja na ncha zake, tupa mbili, na mfuko wa ndevu za beberu zilizochemshwa saa 3. (Makofi.) Vijana watakaotaka kuanza, nitakuwa karakana kesho baada ya chai ya asubuhi, na tutaanza na kupanga nywele, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi inayowachosha watu upesi, na anayeivumilia ataimaliza brashi.